Shajara ya mradi: simu, goti na kitufe cha "Leo sijafanya"

Januari, wiki za mwanzo

Mradi wetu ni aplikesheni ya simu ya kumsaidia kijana wa miaka 12 hadi 18 aendelee na mazoezi ya fiziotherapia akiwa nyumbani. Tunaousukuma ni wawili: mimi natibu, mwenzangu anaandika msimbo. Shajara hii naiandika ili anayefikiria kitu cha aina hii aone tulichoamua na kwa nini, maana maamuzi ya mradi yakiachwa kichwani huyeyuka haraka.

Shida yenyewe kila aliye kwenye kazi hii anaijua. Mgonjwa namwona nusu saa kwa wiki, pengine kwa wiki mbili. Kinachomponya kinatakiwa kifanyike siku hizo nyingine zote, mimi sipo, kwenye sakafu ya chumba chake. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kuhusu matibabu ya muda mrefu, likaeleza kwamba hata katika nchi tajiri ni takriban nusu tu ya wagonjwa wanaoyafuata walivyopangiwa. Na humo zimo dawa za kumeza, kitu cha sekunde mbili. Sasa fikiria mazoezi ya dakika ishirini, yanayochosha, yanayouma kidogo, na ambayo leo ukiyaacha hakuna kinachotokea.

Kijana ana lake zaidi. Mtoto wa miaka sita mama yake anamlaza chini, wanacheza, mazoezi yamekwisha. Mtu mzima anajua hasara atakayoipata mguu usipopona. Huyu wa katikati hataki kushikwa mkono, na bado hajazoea kujisimamia.

Halafu maradhi yenyewe hayafanani. Yupo mwenye Osgood-Schlatter, yale maumivu na uvimbe chini kidogo ya pia ya goti, pale kano inapojishika kwenye mfupa wa muundi ambao bado unakua. Robert Osgood na Carl Schlatter waliyaeleza kila mmoja kwa upande wake mwaka 1903, na mpaka leo tunayaona kwa vijana wanaokimbia na kuruka sana. Huyu maumivu yakipoa siku chache anarudi uwanjani, mazoezi kwaheri. Yupo aliyefanyiwa upasuaji wa kano ya ndani ya goti, ile wanamichezo wanayoiita ACL. Kwa kawaida atahitaji miezi tisa au zaidi kabla ya kurudi kucheza, lakini mwezi wa tatu anatembea vizuri na anajiona mzima. Na yupo mwenye skoliosisi, uti wa mgongo uliopinda kwa pembe ya Cobb (kipimo cha mpindo kinachochukuliwa kwenye picha ya eksirei) ya nyuzi 10 au zaidi. Huyu mara nyingi haumwi popote. Unamwambia ajitese kila siku kwa ajili ya kitu asichokihisi, ambacho amekiona mara moja kwenye picha ya eksirei.

Mwenzangu aliuliza kama kweli aplikesheni moja itawafaa wote hawa. Jibu langu: mazoezi yatatofautiana, ila sababu za kutegea zinakaribiana sana. Hizo ndizo tunazozifuata.

Januari, mwishoni

Kabla hata skrini moja haijachorwa tumebishana juu ya alama ya tiki.

Mwenzangu alitaka kitu rahisi: zoezi, kisanduku, tiki, mwisho wa wiki asilimia. Ni safi na inachoreka vizuri kwenye grafu. Mimi nina utafiti mmoja ambao namsimulia kila mwanafunzi anayepita kwangu. Mwaka 2002 Arthur Stone na wenzake walichapisha katika BMJ, jarida la tiba la Uingereza, matokeo ya jaribio la shajara za maumivu. Wagonjwa wa maumivu sugu walipewa shajara za karatasi wazijaze kwa saa maalumu. Ndani ya jalada kulifichwa kifaa kinachohisi mwanga, kikawa kinarekodi kila shajara inapofunguliwa. Kwa maandishi ya wagonjwa wenyewe, walijaza kwa wakati kwa asilimia 90. Kwa rekodi ya kifaa, asilimia 11. Zilikuwepo siku ambazo jalada halikufunguliwa kabisa, na bado kurasa za siku hizo zilirudi zimejaa.

Hao ni watu wazima, tena hakuna aliyekuwa akiwafokea. Kijana anayejua kwamba kisanduku kitupu kitamletea hotuba atakijaza tu. Atakaa nje ya mlango wa kliniki akisubiri kuitwa, apige tiki za wiki nzima kwa dakika moja. Mimi nitaiona asilimia mia, nitaongeza uzito wa mazoezi kwa goti ambalo halijafanya kitu, na litauma. Kwa hiyo tiki ya uongo si suala la adabu. Inanifanya nimtibu vibaya.

Tumekubaliana aplikesheni iweke mambo mawili mbalimbali bila kuyachanganya: kile simu ilichoona chenyewe (video ya zoezi ilianza saa ngapi, iliishia wapi) na kile kijana anachosema. Na pembeni ya kitufe cha "Nimefanya" kikae kingine, ukubwa uleule, rangi tulivu ileile: "Leo sijafanya." Ukikibonyeza unapata orodha fupi. Inauma. Nimechoka. Kuna watu. Nimesahau. Sioni faida. Sijisikii tu. Unachagua, simu inasema "Sawa, imepokelewa," basi. Hakuna uso wa huzuni, hakuna maneno ya kukutia moyo, hakuna "kesho jitahidi."

Kwangu mimi hicho ndicho kitufe cha maana kuliko vyote tutakavyotengeneza. Mwenzangu anaona natia chumvi. Tutaona.

Februari, mwanzoni

Karatasi za mazoezi ninazozikuta mikononi mwa wagonjwa zina mazoezi manane, kumi, wakati mwingine zaidi, kila moja mizunguko mitatu. Ukipiga hesabu pamoja na mapumziko unakuta kijana amepewa karibu saa nzima ya kazi kila jioni, juu ya masomo. Hafanyi. Na akishindwa kuyafanya yote, anayaacha yote.

Mwaka 1999 jarida la Physical Therapy lilichapisha utafiti wa watu wa zaidi ya miaka 65 waliogawanywa wapewe mazoezi mawili, matano au manane ya nyumbani. Waliopewa mawili waliyafanya vizuri kuliko waliopewa manane. Wazee si vijana, lakini sijawahi kukutana na kijana ambaye orodha ndefu ilimsaidia.

Basi upande wa mtaalamu tumeweka kizuizi: mazoezi matatu tu yanaweza kuwa wazi kwa wakati mmoja. Ukitaka la nne, funga moja. Wenzangu kadhaa niliowaonyesha walinuna. Mmoja alisema tunamfundisha kazi. Hapana, tunamlazimisha achague, na kuchagua ndiyo kazi yenyewe. Zoezi ambalo huwezi kueleza kwa sentensi moja kwa nini liko kwenye orodha, halina haki ya kuchukua jioni ya mtu.

Kuhusu video, tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kurekodi maktaba nzuri na mwigizaji mwenye mwili wa kwenye tangazo. Ya pili, ambayo ndiyo tuliyoichukua, ni kumrekodi kijana mwenyewe, kwa simu yake, siku anapofundishwa zoezi. Sekunde kama kumi, hakuna muziki wala maelezo, inajirudia. Anaona goti lake yeye, na kidole changu kikionyesha mahali linapotakiwa kuelekea. Akilifanya vibaya nyumbani, analinganisha na yeye mwenyewe alipolifanya sawasawa. Video haitoki kwenye simu yake, haipandi kwenye seva yetu, na haili data. Kwa upande wa faragha hilo limetuondolea nusu ya maumivu ya kichwa, maana hatuna picha za watoto tunazozihifadhi popote.

Februari, mwishoni

Wiki nzima ya arifa. Hii naiandika kwa ajili ya watakaofuata, kwa sababu haimo kwenye makala za afya.

Unaweza kudhani kumkumbusha mtu saa kumi na mbili jioni ni jambo la mistari mitatu ya msimbo. Android tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015 ina utaratibu wa kulaza simu iliyotulia ili kuokoa betri, na kazi zilizopangwa huahirishwa mpaka simu iamke. Ukitaka arifa itoke kwa saa yake unapaswa kuiomba kwa njia maalumu. Juu ya hapo watengenezaji wengine wa simu wameongeza vidhibiti vyao vya betri vinavyoua programu zilizoko nyuma. Kuanzia Android 13 ya mwaka 2022, mtumiaji lazima akubali kwanza ndipo aplikesheni mpya imtumie arifa yoyote. Upande wa iPhone, arifa zinazopangwa ndani ya simu haziwezi kuzidi 64 kwa wakati mmoja, kwa hiyo huwezi kupanga za miezi sita ukalala. Tunapanga za siku chache mbele, na kila aplikesheni inapofunguliwa tunazipanga upya.

Jambo la pili ni kile kinachoonekana simu ikiwa imefungwa. Kijana ameweka simu juu ya dawati, wenzake wamemzunguka, inatokea: "Muda wa mazoezi ya mgongo wako!" Ataifuta aplikesheni kabla ya kufika nyumbani. Arifa yetu haitaji ugonjwa, kiungo wala neno zoezi. Kijana anaiandika mwenyewe. Mmoja ameandika nukta tatu tu. Anajua maana yake, inatosha.

La tatu, saa. Mwili wa balehe huchelewa kusinzia na huchelewa kuamka, kwa hiyo mpango wa saa kumi na moja alfajiri ni ndoto ya wazazi. Lakini hata saa ya jioni inayumba: leo kuna masomo ya ziada, kesho kuna mechi. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia, alieleza mwaka 1999 nguvu ya mpango wa namna ya "likitokea jambo fulani, nitafanya fulani." Tumeacha kuuliza "saa ngapi?" Tunauliza "baada ya nini?" Baada ya kuvua viatu vya shule. Baada ya kuoga. Arifa imebaki kuwa akiba, kwa yule ambaye jambo lake limepita na hajafungua.

Machi

Mwenzangu alikuwa na hamu na kamera tangu siku ya kwanza, na sikumzuia. Siku hizi ipo mifumo ya kutambua mkao wa mwili inayofanya kazi ndani ya simu bila kutuma picha popote. Mmojawapo unaweka alama 33 mwilini, kutoka puani hadi kwenye vidole vya miguu. Kwa zoezi la kuchuchumaa, mtu amesimama mbele ya ukuta mtupu na mwanga wa kutosha, inapendeza: pembe ya goti inasomeka, hesabu inakwenda.

Ila mazoezi yetu mengi hufanywa mtu akiwa amelala. Kijana mmoja aliyejitolea alitufanyia jaribio la kunyanyua mguu ulionyooka, zoezi la kawaida kabisa baada ya upasuaji wa goti. Aliegemeza simu kwenye chupa ya maji katika nafasi iliyobaki kati ya kitanda na ukuta. Akalala chali. Akakunja mguu mmoja, akaunyoosha ule mwingine, akakaza paja mpaka nyuma ya goti ikaishika sakafu, vidole akavivuta kumwelekea, ndipo akanyanyua kisigino polepole. Alifanya vizuri sana. Kwenye skrini, mifupa ya kuchorwa ilikuwa inaruka hovyo: mguu wa mbele unauficha wa nyuma, suruali nyeusi juu ya zulia jeusi, nyonga imehamia kifuani. Alinyanyua mara kumi, simu ikahesabu nne. Chupa ikaanguka.

"Dokta, mbona mimi nimefika kumi?"

Hapo ndipo tulipoiacha kamera. Hesabu inayomwambia kijana aliyejitahidi kwamba hajajitahidi ni mbaya kuliko kutokuwa na hesabu. Pengine kwa chumba kikubwa na simu iliyowekwa kwenye stendi ingefaa, lakini hatumtengenezei mtu mwenye studio.

Kilichofuata kimetufurahisha wote. Simu ina kihisi mwendo ndani yake tayari. Vaa soksi ndefu, ichomeke simu kwenye soksi upande wa nje, juu kidogo ya kifundo cha mguu, kisha nyanyua. Mwinamo wa simu unasomeka waziwazi: mguu umepanda, umekaa juu sekunde kadhaa, umeshuka. Haijui kama goti limenyooka, na hatudai kwamba inajua. Inajua kwamba mguu ulipanda na ulikaa huko. Kwa kuwa skrini imo soksini haionekani, maelekezo yote yamekuwa ya sauti na mtetemo: mtetemo mmoja panda, miwili shuka. Vijana wameipenda kwa sababu kwa muda huo hawaangalii skrini, jambo ambalo sikulitarajia kusikia kutoka kwao.

Machi, mwishoni

Pointi, beji, nyota, mfululizo wa siku. Kila tuliyemwonyesha mradi aliuliza viko wapi.

Havipo. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachukua watoto wadogo waliokuwa wakipenda kuchora, wakawaahidi baadhi yao zawadi ya kuchora. Baadaye, zawadi ilipoondoka, wale walioahidiwa walichora kidogo kuliko wenzao. Sasa mtu atasema mazoezi ya fiziotherapia si kitu anachokipenda mtu, kwa hiyo zawadi haiwezi kuharibu kisichokuwepo. Hoja ina uzito. Lakini kijana wa miaka kumi na tano anaijua danganya toto akiiona kwa mbali, na nyota za dhahabu kwenye skrini ni hiyohiyo.

Mfululizo wa siku ndio unaonikera zaidi. Unahesabu siku bila kukatika. Ukikosa moja unarudi sifuri. Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti wa jinsi tabia inavyojengeka: kwa wastani ilichukua siku 66 jambo kuanza kufanyika lenyewe, ila kati ya mtu na mtu ilitofautiana kutoka siku 18 hadi 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu mwelekeo kwa kiasi cha maana. Mfululizo unamwambia mtu kinyume cha hapo. Tena goti lenye maumivu linahitaji siku za kupumzika. Mfululizo ungemwadhibu kijana kwa kunitii mimi.

Mahali pake tumeweka lengo la wiki, ambalo kijana analichagua. Wengi wamechagua siku nne kati ya saba. Kitabibu ningetaka tano. Nne za kweli nazichukua.

Na maendeleo tunayaonyesha kwa mwili wenyewe. Kila baada ya wiki mbili aplikesheni inaomba jaribio dogo: simama kwa mguu mmoja, nyanyua kisigino mara nyingi uwezavyo, kisha fanya kwa mwingine. Namba mbili, kulia na kushoto, na pengo kati yake. Pengo likipungua haihitaji nyota.

Kwa wenye skoliosisi hili limetushinda kidogo. Wapo waliopendekeza picha za mgongo, za mwanzo na za baadaye. Nimekataa. Umri huu mtu anajitazama kwenye kioo vya kutosha, na picha ya mgongo wake usio na nguo isiwepo kwenye simu inayozungushwa darasani. Tumebaki na muda wa kushikilia mkao. Si kipimo cha pembe, na tumeandika hivyo pale pale kwenye skrini.

Aprili

Vijana wachache wameanza kuitumia kwa dhati, kwa ridhaa yao na ya wazazi. Kundi ni dogo mno kwa asilimia, kwa hiyo sitaandika asilimia yoyote.

Kilichonivutia ni zile sababu. Tulipoanza, kila mtu, pamoja na wazazi, alikuwa na hakika kwamba tatizo ni kusahau. "Nimesahau" haikuongoza. Iliyoongoza ni "Kuna watu."

Nilipowauliza, ikawa wazi kabisa. Chumba ni cha wawili au watatu. Kuna zoezi la kulala chali na kunyanyua nyonga, na hakuna kijana atakayelifanya mbele ya kaka yake. Arifa kumi haziwezi kuleta chumba. Nilirudi kwenye orodha nikatafuta badala: kukaza paja ukiwa umeketi kwenye kiti, kunyanyua kisigino ukipiga mswaki, kuegemea ukuta magoti yamekunjwa kana kwamba umekalia kiti. Mengine yanafanyika darasani bila jirani kujua. Sasa kila zoezi la sakafuni lina ndugu yake wa kusimama, na kijana akibonyeza "Kuna watu" huyo ndugu anajitokeza palepale. Hakuna kingine tulichobadilisha mwezi huu kilicholeta tofauti ya haraka namna hiyo.

"Inauma" nayo ina hadithi yake. Ukiibonyeza, aplikesheni inauliza wapi na kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10. Tunafuata utaratibu uliozoeleka katika kazi yetu: maumivu hadi 2, endelea; hadi 5, yanavumilika ikiwa kesho asubuhi yametulia, ila punguza; zaidi ya 5, acha na utoe taarifa. Ndiyo maana kuna swali la asubuhi, moja tu: "Goti limeamkaje?" Tumeeleza pia kwamba misuli isiyozoea kazi inaweza kuuma siku moja hadi tatu baadaye, maumivu ya kusambaa kwenye paja zima, na hayo si ishara ya kuharibika. Vijana wengi walikuwa wakiacha mazoezi siku ya pili kwa sababu hiyo tu. Hakuna aliyekuwa amewaambia.

Binti mmoja, mwenye maumivu chini ya pia ya goti, alibonyeza "Inauma" siku kadhaa mfululizo kwenye zoezi la kushuka ngazi polepole kwa mguu mmoja. Kwa karatasi ningelijua hilo siku ya miadi, kama angelisema. Safari hii nililiona kabla, nikampigia mama yake, binti akachukua simu.

"Ngazi yenyewe ina urefu gani?"

"Ile ya nje, Dokta. Inanifika karibu na goti."

Kliniki tunatumia kibao kisichofika nusu ya hapo. Nilimwambia atafute kitu kifupi, hata vitabu vikubwa vilivyobanwa ukutani visiteleze. Baada ya hapo maumivu yalirudi kwenye 2. Karatasi ingeandika "hafuati mazoezi." Ukweli ni kwamba alikuwa akifanya zoezi gumu kuliko nililompa.

Mwenzangu ameacha kusema natia chumvi.

Mei

Wazazi. Hapa ndipo mradi ulipokaribia kukwama.

Mzazi mmoja alizungumza kwa niaba ya wengi: "Dokta, mimi nataka nione kila kitu kwenye simu yangu. Amefanya, hajafanya, saa ngapi." Ana haki ya kuuliza. Ndiye anayelipa nauli, ndiye anayekosa usingizi, na mtoto ni wake. Kijana alikuwa ameketi pembeni akitazama viatu. Tulipobaki wawili akaniambia kwa upole kabisa, "Mama akiona, mimi nitabonyeza nimefanya tu."

Sentensi hiyo ndiyo Stone na kile kifaa chake cha mwanga, kwa maneno machache zaidi.

Sheria nazo zina sauti hapa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data inaweka miaka 16 kuwa umri ambao mtu anaweza kujiridhia mwenyewe kwa huduma za mtandaoni, na nchi wanachama zinaweza kuushusha hadi 13, si chini ya hapo. Uingereza ina mwongozo wa usanifu wa huduma zinazotumiwa na watoto, ambao watoa huduma walitakiwa kuufuata kikamilifu kuanzia Septemba 2021, na ndani yake kuna jambo tumelichukua moja kwa moja: ikiwa mzazi anaweza kumfuatilia mtoto, mtoto aone alama ya wazi kwamba anafuatiliwa. Hata pale sheria haitulazimishi, ni uungwana.

Tumeamua hivi. Mzazi anapata ujumbe mmoja kwa wiki, na kijana anauona kabla haujaondoka. Unasema kama lengo la wiki limefikiwa, na kama kuna kitu nyumbani kinachoweza kusaidia: nafasi, ukimya wa dakika kumi, kibao kifupi. Sababu za kutofanya hazimo. Zinakuja kwangu. Lakini maumivu makali, goti lililovimba ghafla, ganzi au udhaifu wa mguu havina siri: hapo simu inamwambia kijana amwite mtu mzima sasa hivi, na mimi naarifiwa.

Mama yule hakufurahi siku hiyo. Wiki chache baadaye alisema nyumbani wamepunguza kugombana juu ya goti. Sijui kama ni aplikesheni au ni goti kupona, na sitajifanya najua.

Juni

Wiki hii tumeandika skrini ya mwisho, kwa maana halisi. Aplikesheni nyingi zinatengenezwa ili mtu asiondoke. Yetu ina tarehe ya kufa. Osgood-Schlatter kwa kawaida hutulia ukuaji wa mfupa unapokamilika. Goti lililofanyiwa upasuaji lina vipimo vyake vya kurudi uwanjani. Skoliosisi inafuatiliwa hadi mifupa ikomae. Kwa kila mmoja mtaalamu anaweka sharti la kumaliza, na likitimia simu inatoa muhtasari wa ukurasa mmoja, inauliza kama data ifutwe, kisha inampa kijana zoezi moja la kubaki nalo bila aplikesheni.

Mwenzangu aliuliza tutapimaje mafanikio kama watu wanaifuta. Nimemwambia tuhesabu waliofuta baada ya kutimiza sharti, na wale waliofuta kabla tuwaulize swali moja tu, kwa orodha ileile ya sababu.

Yaliyobaki mezani: sauti ya maelekezo inahitaji kurekodiwa upya, hii ya sasa inasikika kama tangazo la uwanja wa ndege. Simu za zamani zenye nafasi ndogo zinakataa video ya tatu, kwa hiyo tunapunguza ubora wa picha na kujaribu tena. Na kijana mwenye skoliosisi amebonyeza "Sioni faida" wiki mbili sasa. Miadi yake ni Alhamisi. Nimeomba picha yake ya eksirei itolewe kwenye faili, tuitazame pamoja, nimwonyeshe ile pembe inavyopimwa kwa penseli na rula, aipime yeye.